Kiti cha Mbele, Kiti cha Nyuma: Luka 14 Inasema Nini Hasa Kuhusu Kiburi

Hapa Dodoma hakuna sherehe isiyo na meza kuu. Iwe harusi ya Nkuhungu, iwe uzinduzi wa kisima Chamwino, iwe ibada ya shukrani ya kijana aliyehitimu chuo kikuu, kabla sufuria la pilau halijafunuliwa wanakamati wameshajadiliana muda mrefu nani akae wapi. Mji wetu ni makao makuu ya nchi. Uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, na tangu 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, kila ukumbi una mkurugenzi wake, katibu wake, diwani wake, mchungaji wake, na mbunge aliyeahidi kufika. Kila mmoja ana kiti kinachomfaa, na mshereheshaji akisahau cheo cha mtu, habari itazungumzwa wiki nzima. Ndiyo maana tumezoea kusema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea na hotuba.

Katika mji wa namna hii, Luka 14:7-11 si kifungu cha mbali. Yesu anaona watu wakigombea viti vya mbele, anawapa mfano. Ukialikwa arusini, usiketi katika kiti cha mbele. Huenda mwenyeji amemwalika mtu anayestahiwa kuliko wewe, naye atakuja akuambie, "Mpishe huyu!" Hapo utaanza kwa haya kutafuta mahali pa nyuma. Afadhali uketi nyuma tangu mwanzo, ili mwenyeji akija akuambie, "Rafiki yangu, njoo huku mbele zaidi." Kisha linafuata neno ambalo wengi wetu tulilikariri tukiwa Shule ya Jumapili: kila ajikwezaye atadhiliwa, naye ajidhiliye atakwezwa.

Linaonekana rahisi. Mimi mwenyewe nimelihubiri mara nyingi bila kuona fundo lililomo ndani yake, hadi siku moja nilipolikalia fundo hilo.

Ilikuwa harusi ya mtoto wa rafiki yangu, ukumbi mmoja upande wa Kisasa. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimefundisha kifungu hiki hiki kwenye jumuiya yetu. Nikaingia ukumbini na kuchagua meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wanaopitia akina mama wa jikoni. Nilikaa pale nikijisikia mtiifu. Lakini jicho langu halikutulia. Kila mshereheshaji alipogeuka nilinyoosha shingo. Wazee wengine wa kanisa waliitwa mmoja mmoja, wakapelekwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe na chupa za maji. Mimi sikuitwa. Chakula kilipofika nilikuwa nimekwisha kukasirika, na nilirudi nyumbani nikimlaumu mwenyeji kwa mke wangu. Mwili wangu ulikaa kiti cha nyuma. Moyo ulikaa meza kuu tangu nilipoingia.

Basi swali ni hili. Kama Yesu alikuwa anatupa mbinu ya kupata heshima kwa njia ya mzunguko, nilichofanya mimi kilikuwa sahihi, ila mwenyeji ndiye aliyeharibu. Na kama alikuwa anasema jambo lingine, ni lipi? Maana ukisoma maneno haraka, yanafanana sana na mbinu: kaa nyuma ili uitwe mbele.

Turudi kwenye chumba chenyewe

Luka anatuambia tuko wapi. Ni siku ya sabato, nyumbani kwa mtu mkuu miongoni mwa Mafarisayo, na waliomo wanamvizia Yesu. Mbele yake kuna mtu mwenye safura, yaani mwili umemjaa maji. Yesu anauliza kama ni halali kumponya mtu siku ya sabato. Wananyamaza. Anamponya, anamruhusu aende zake. Baada ya hapo ndipo anapoangalia namna wageni wanavyojichagulia nafasi.

Katika karamu za heshima za wakati ule watu hawakuketi kama tunavyoketi sisi. Waliegama juu ya makochi ya chini, wameegemea kiwiko cha kushoto, miguu ikielekea nje. Neno la Kiyunani alilotumia Luka, protoklisia, ni mahali pa kwanza pa kuegama. Kwa hiyo kuambiwa "mpishe huyu" kulikuwa na uzito zaidi ya kusogeza kiti cha plastiki. Ulikuwa umekwisha kulala, umetulia, pengine umeanza kula. Sasa unainuka watu wote wakikutazama, unapita nyuma ya migongo yao, na nafasi iliyobaki ni ile ambayo hakuna aliyeitaka.

Shauri lenyewe halikuwa geni masikioni mwao. Mithali 25:6-7 inaonya mtu asijitukuze mbele ya mfalme, kwa kuwa ni heri kuambiwa njoo huku juu kuliko kushushwa mbele ya mkuu. Hata wahenga wetu wamesema mpanda ngazi hushuka. Kama Yesu angeishia mstari wa kumi, tungekuwa na somo la adabu za mezani, zuri na lenye manufaa, ambalo mzazi yeyote angempa mwanawe anapomtuma kwenye shughuli za watu.

Lakini Luka ameuita mfano. Mfano katika Injili hausimami kwenye jambo lake la juujuu. Mfano wa mpanzi si mafunzo ya ugani, na mfano wa viti si mwongozo wa kuhudhuria harusi. Ushahidi uko kwenye mstari wa 11, ambapo lugha inaruka ghafla kutoka arusini hadi kwa "kila" mtu. Hapo harusi imebaki nyuma na mwenyeji amebadilika. Anayeita sasa ni Mungu.

Ji na wa

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati katika mstari huu, kwa sababu lugha yetu inaonyesha ndani ya neno lenyewe jambo ambalo lugha nyingine hulizungusha kwa maneno mengi. Tazama vitenzi vinne: ajikwezaye, atadhiliwa, ajidhiliye, atakwezwa. Viwili vina "ji", viwili vinaishia na "wa". Chenye "ji" ni kile mtu anachojifanyia mwenyewe. Chenye "wa" ni kile anachofanyiwa na mwingine.

Kukweza ni kufanya kitu kikwee. Wenzetu wa pwani hukweza chombo, wakakivuta kutoka majini hadi nchi kavu, na hakuna chombo kilichowahi kujivuta chenyewe. Ndiyo picha iliyo ndani ya "ajikwezaye": mtu anajaribu kuwa chombo na mikono inayokivuta kwa wakati mmoja.

Sasa angalia mpangilio. Kushuka kumepewa "ji": hilo ni letu, tunaweza kulifanya leo. Kupanda hakukupewa "ji" isipokuwa kwa lawama. Kupanda kwa kweli kuna "wa", ni kazi ya mwenye nyumba, na wakati wake anaujua yeye. Petro anaandika jambo hilo hilo katika waraka wake wa kwanza, 5:6, akitaka watu wanyenyekee chini ya mkono wa Mungu ulio hodari ili awakweze "kwa wakati wake". Saa haiko mkononi mwetu.

Hapo ndipo nilipokamatwa mimi na kiti changu cha karibu na jikoni. Nilikuwa nimefanya "ji" ya kushuka huku nimeishika "wa" mkononi, nikiitikisa mbele ya mwenyeji kama risiti ya deni. Aliyekaa nyuma ili aitwe mbele amejikweza tayari. Ametumia tu ngazi ya mlango wa nyuma. Ushahidi ni hasira. Mtu aliyekaa nyuma kwa sababu hapo panamtosha, asipoitwa hana cha kukasirikia. Anakula pilau lake, anazungumza na jirani wa mezani, anapiga vigelegele bibi harusi akipita.

Kwa hiyo fundo la kwanza linafunguka. "Ili" iliyoko kwenye mstari wa kumi, ile ya "ili ajapo yule aliyekualika akuambie", haitupi lengo la kulenga. Inaonyesha mambo yanavyokwenda katika nyumba ya mwenyeji huyu, kwamba yeye hutazama hadi meza ya mwisho. Ukiigeuza kuwa mbinu umeipoteza.

Kujidhili na kunyenyekea

Fundo la pili limefungwa na tafsiri. Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu bado tunaipenda kwa mdundo wake, imesema "ajidhiliye". Kwa Kiswahili cha kila siku, kudhili ni neno zito. Kumdhili mtu ni kumwaibisha, kumvunjia utu. Mtu akisikia mimbarani kwamba inampasa kujidhili, anaweza kudhani Mungu anataka ajione takataka. Nimewaona Wakristo wazuri wakisimama kutoa ushuhuda na kuanza kwa kujitukana, kana kwamba matusi dhidi ya nafsi ni sadaka inayopanda juu.

Neno la Kiyunani hapo ni tapeinoo, kushusha kitu, kukifanya kiwe chini. Luka amelitumia mapema katika sura ya tatu, anaponukuu Isaya kwamba kila mlima na kilima kitashushwa ili njia ya Bwana iwe sawa. Mlima haudhiliki. Unasawazishwa ili watu wapite. Na neno hilo hilo ndilo Paulo analolitumia katika Wafilipi 2:8 kuhusu Kristo mwenyewe, ila hapo watafsiri wetu wameandika "alijinyenyekeza". Kwa hiyo kujidhili kwa Luka 14 na kujinyenyekeza kwa Wafilipi 2 ni neno moja katika asili. Tafsiri ya Habari Njema imechagua "anayejishusha", na nadhani kwa msikilizaji wa leo hilo linasikika vizuri zaidi.

Tukishajua hivyo, tunaye mtu wa kumtazama. Kristo hakujiona si kitu. Yohana 13 inasema alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Akijua hayo, ndipo alipoondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akaosha miguu ya wanafunzi wake. Alijua yeye ni nani, ndiyo maana mikono yake ilikuwa huru kushika beseni. Mtu asiyejua yeye ni nani huhitaji kiti kimwambie. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, kiburi kingi ninachokiona katika mji huu wa vyeo ni woga uliovaa suti. Mtu anaogopa kwamba akiondolewa kwenye ile meza hatabaki na jina.

Paulo anaendelea: "Kwa hiyo tena Mungu alimwadhimisha mno." Kushuka kwa "ji", kupandishwa na Mungu. Mfano wa viti ulikwisha kuwa maisha ya mtu mmoja kabla haujawa somo letu.

Inafaa kuongeza neno hapa kuhusu watu wanaokataa kuitwa. Katika mfano, mwenyeji akisema "njoo huku mbele zaidi", mgeni anasogea. Hakuna sehemu inayosema abaki nyuma akibishana. Kwenye jumuiya yetu kuna mama mmoja, muuza mboga, aliyeombwa awe mtunza hazina. Alijibu mara tatu kwamba yeye hastahili, wapo waliosoma. Watu wakasifu unyenyekevu wake. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, mbele yetu, kama anadhani waliomwita wote wamekosea na yeye peke yake ndiye anayeona sawasawa. Alinyamaza, kisha akakubali, akaomba afundishwe kuandika daftari la mapato na matumizi. Amelitunza tangu siku hiyo. Kukataa kwake kulikuwa na hukumu ndani yake, ingawa ilivaa sauti ya chini, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kutuambia hivyo baadaye.

Maneno haya aliambiwa nani?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kifungu hiki kinapotumiwa vibaya kuliko mahali pengine popote. Luka anaandika wazi: aliwaambia mfano "wale walioalikwa", alipoona jinsi walivyochagua viti vya mbele. Waliosikia walikuwa watu wenye uchaguzi. Walikuwa na kadi mkononi, tuseme, na nguo nzuri, na uwezo wa kuchagua wakae wapi.

Yule mwenye safura hakuambiwa ajishushe. Aliponywa, akaachwa aende zake. Na ukigeuza ukurasa mmoja nyuma, sura ya 13, utakutana na mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18, asiyeweza kabisa kujiinua. Yupo katika sinagogi, ni sabato pia. Yesu hamwambii kwamba ameshafika mahali pazuri kwa kuwa yuko chini. Anamwita, anaweka mikono juu yake, mgongo unanyooka. Na hapo "ji" ilishindwa kabisa, alihitaji "wa". Mkuu wa sinagogi anapokasirika, Yesu anamwita mwanamke huyo binti wa Ibrahimu, jina kubwa ambalo hakuna aliyekuwa akimpa.

Kwa hiyo anayemsomea dada wa kazi Luka 14 ili aendelee kulala jikoni bila kulipwa mshahara wake, amekisoma kifungu kichwa chini. Vivyo hivyo mume anayemtaka mke awe mnyenyekevu ili asiulizwe pesa zimekwenda wapi, au kiongozi anayewaambia wanakijiji wawe wanyenyekevu pale wanapouliza kuhusu ardhi yao. Neno la kushuka linamhusu aliye juu, au anayepigania kuwa juu. Aliye chini kwa kukandamizwa, Injili ya Luka ilikwisha kumpa neno lake mapema, katika wimbo wa Mariamu: wakuu amewaangusha katika viti vyao vya enzi, wanyonge amewakweza. Angalia, hata huko ni habari ya viti.

Wapo pia wanaokisoma kwa furaha ya kumsubiri mwenzao aanguke. Tuna msemo, aliye juu mngoje chini, na mtu akisikia "ajikwezaye atadhiliwa" anamkumbuka jirani yake mwenye gari jipya. Luka amerudia sentensi hii katika sura ya 18, mwishoni mwa habari ya Farisayo na mtoza ushuru, na nadhani aliirudia kwa ajili ya wasomaji wa namna hiyo. Farisayo yule alikosea pale alipomtazama jirani wakati wa maombi. Ukimaliza kusoma habari ile ukasema moyoni, "Asante Mungu, mimi si kama yule Farisayo," umeshakaa kwenye nafasi yake.

Kutomuuliza mwenye nyumba

Kuna kiburi cha mtu mmoja, na kuna kiburi cha mpango mzima. Mkoa wetu una kielelezo chake, na wazee wa Kongwa wamekuwa wakikisimulia miaka yote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Tanganyika, na Kongwa, mashariki ya Dodoma, pakawa mahali pa kuanzia. Wataalamu walikuja mwaka 1946, wakazunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Mwaka wa kwanza, 1947, walitarajia kusafisha ekari 150,000. Mwaka ulipoisha walikuwa hawajafikisha hata ekari 10,000. Mibuyu ilivunja mitambo, vichaka vilikata minyororo, udongo ukikauka uligeuka kama tofali, karanga zikakwama ardhini. Na mvua, zile za Dodoma ambazo mwaka mzuri hufika milimita mia tano na kitu na mwaka mbaya hukatika Januari, hazikusoma ripoti. Mapema 1951 mpango ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.

Wagogo waliokuwa wakiishi pale walilima uwele na mtama. Walilima hivyo kwa sababu waliifahamu nchi. Walijua mvua inachofanya. Hawakuulizwa kwa namna ambayo jibu lao lingeweza kubadilisha mpango. Naona hapo picha halisi ya mfano wa Luka: mgeni ameingia, amekwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele, hakungoja mwenyeji. Safari hii aliyesema "mpishe huyu" alikuwa udongo wenyewe. Kuna simulizi kwamba hata jina la mji wetu linatokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo "Idodomya", amedidimia. Sijawahi kusikia simulizi hiyo bila kuwafikiria watu wa matrekta.

Sitaki kuifanya Kongwa iwe hadithi ya wazungu tu. Tunaotoka mjini siku hizi kwenda vijijini na miradi yetu, tukashuka kwenye gari na kuanza kuwafundisha akina mama namna ya kuhifadhi mtama, tumekaa kwenye kiti kile kile.

Mwenye karamu naye

Wahubiri wengi hufunga Biblia kwenye mstari wa 11. Yesu hakufunga. Mstari wa 12 anamgeukia mwenyeji, aliyekuwa amekaa kimya akiona wageni wake wakirekebishwa. Ukifanya chakula, anamwambia, usiwaite rafiki zako, wala ndugu zako, wala jamaa zako, wala jirani zako wenye mali, wasije wakakualika nawe ukapata malipo. Waite maskini, vilema, viwete, vipofu. Nawe utakuwa heri, kwa kuwa hao hawana cha kukulipa.

Hapa ndipo sisi tunapoguswa penyewe. Harusi zetu zinaendeshwa kwa michango. Kamati inakaa, ahadi zinaandikwa, na anayetoa kiasi fulani anapata kadi ya mtu mmoja, akiongeza anapata ya watu wawili. Daftari linatunzwa. Mwakani mtoto wa mwenzako akioa, unafungua ukurasa, unaangalia alikupa ngapi, unarudisha na kuongeza kidogo. Siusemi vibaya utaratibu huu. Umebeba misiba na harusi za watu ambao peke yao wasingeweza, na una upendo ndani yake. Lakini matokeo yake ni kwamba ukumbi unajaa watu wanaoweza kurudisha. Bibi anayeuza karanga nje ya geti, aliyembeba bwana harusi mgongoni alipokuwa mdogo, hana kadi. Anawasikia wapiga tarumbeta akiwa nje.

Nadhani hiyo ndiyo sababu Yesu hakuishia kwa wageni. Kiburi cha mgeni kinaonekana kwa macho, maana anasukumana. Kiburi cha mwenyeji hakionekani. Kinafanana na ukarimu. Anatoa chakula kingi, anasifiwa, na kila sahani ni mbegu anayotarajia kuivuna. Karamu imekuwa meza kuu yake ya mwaka mzima. Ndiyo maana dawa anayopewa haigusi viti hata kidogo. Inagusa orodha ya walioalikwa. Kwenye karamu iliyojaa watu wasio na cha kulipa, habari ya nani akae mbele inakufa yenyewe, kwa sababu hakuna anayepata faida kwa kuonekana na mwingine.

Na mambo mawili haya yanashikana. Mgeni anaachia "wa" ya kukwezwa mikononi mwa Mungu. Mwenyeji anaachia "wa" ya kulipwa mikononi mwa Mungu, maana neno ni "utalipwa katika ufufuo wa wenye haki". Wote wawili wanaombwa waache kujihudumia kwa mkono wao wenyewe kitu ambacho ni cha kupewa.

Luka hatuambii kama kuna mgeni yeyote aliyeinuka siku ile akahama nafasi yake. Anatuambia tu kwamba mmoja wao, aliyekuwa chakulani pamoja naye, alisema neno zuri la dini: heri yule atakayekula mkate katika ufalme wa Mungu. Nimewahi kuwa mtu huyo. Mazungumzo yakikaribia sana kiti nilichokalia, nayahamishia mbinguni.

Yesu akamjibu kwa karamu nyingine. Waliokuwa na kadi walitoa udhuru: mmoja amenunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, wa tatu ameoa. Mwenye nyumba akamtuma mtumwa wake kwenye njia kuu na vichochoro vya mji, akawalete maskini, vilema, vipofu na viwete, wale wale ambao Yesu aliwataja dakika chache kabla. Wakaingia. Mtumwa akarudi kutoa taarifa kwamba ameyatenda aliyoagizwa, "na hata sasa ingaliko nafasi."